Namna ya Kuchagua Mchezo wa Kikokotoo kwa Kusoma Picha Zake za Skrini

Anayetafuta mchezo wa kuweka kwenye kikokotoo cha grafu, hasa kile cha jamii ya TI-83 Plus au TI-84 Plus ya kampuni ya Texas Instruments, hukutana kwanza mtandaoni na orodha ndefu ya majina yasiyomweleza kitu. Jina la programu kwenye vikokotoo hivyo haliwezi kuzidi herufi 8, maelezo ya mtungaji mara nyingi ni sentensi moja au mbili zilizoandikwa kwa haraka, na mchezo wenyewe hauwezi kujaribiwa mpaka faili lipakuliwe, lihamishwe kwa waya kutoka kwenye kompyuta na kufunguliwa kwenye kifaa. Kati ya jina hilo fupi na kazi hiyo yote kuna kitu kimoja tu kinachoonekana papo hapo, nacho ni picha ya skrini. Hiyo ndiyo inayomfanya mtu apakue au apite, na mchezo usio na picha hupitwa hata kama umetungwa kwa ustadi mkubwa kuliko jirani zake kwenye orodha.

Picha ina sababu ya kuaminiwa kiasi hicho. Skrini ya kikokotoo ni ndogo, na picha moja huonyesha kila kitu ambacho mchezaji angekiona kwa wakati huo, pikseli kwa pikseli, bila kona iliyokatwa wala mapambo yaliyoongezwa na mchoraji wa matangazo. Hata hivyo picha hiyo imechaguliwa na mtungaji anayetaka kazi yake ipakuliwe, na uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuisoma picha kabla ya kupakua, na baadaye unatoa maelekezo kwa wale wanaotunga michezo na kuandaa picha wenyewe.

Huenda msomaji akajiuliza ni nani miongoni mwetu mwenye kikokotoo cha namna hii. Katika mitihani ya Kenya, kwa mfano, maelekezo ya KNEC, baraza la mitihani la nchi hiyo, huruhusu vikokotoo visivyoweza kuprogramiwa tu, kwa hiyo mwanafunzi wa huku kwa kawaida hana haja ya kununua kikokotoo cha grafu. Wanaovitumia ni hasa vijana wanaosoma Marekani, ambako TI-84 Plus ni kifaa cha kawaida cha somo la hisabati katika shule za sekondari, pamoja na wale wanaosoma Ufaransa, ambako kuna toleo lake la TI-83 Premium CE. Wapo pia wanaocheza kwa emuleta, yaani programu inayoiga kikokotoo ndani ya kompyuta au simu, na hao nao huchagua michezo kwa picha zile zile.

Anza na umbo la skrini

Jambo la kwanza la kuangalia kwenye picha ni umbo lake, hata kabla ya kilichochorwa ndani yake, kwa sababu umbo linaeleza picha ilipigwa kwenye kikokotoo gani. TI-83, TI-83 Plus na TI-84 Plus ya kawaida zina skrini ya pikseli 96 kwa 64, yaani pikseli 6,144 kwa jumla, nyeusi au nyeupe. TI-85 na TI-86 zina pikseli 128 kwa 64, hivyo picha yake ni ndefu, upana ukiwa mara mbili ya kimo. TI-89 ina pikseli 160 kwa 100. TI-92 Plus na Voyage 200 zina 240 kwa 128. TI-84 Plus CE, iliyotoka mwaka 2015, ina skrini ya rangi yenye pikseli 320 kwa 240, ambazo ni 76,800, yaani mara kumi na mbili na nusu ya pikseli za ile ya zamani.

Tofauti hizo zinabaki hata picha ikiwa imekuzwa. Watungaji wengi huikuza picha ya 96 kwa 64 iwe 192 kwa 128 ili isomeke vizuri kwenye kompyuta, lakini uwiano wa upana na kimo haubadiliki, nao unabaki kuwa tatu kwa mbili. Ukiona picha ya rangi yenye uwiano wa nne kwa tatu, huenda inatoka kwenye CE au kwenye TI-84 Plus C Silver Edition ya mwaka 2013. Ukiona ya rangi iliyo pana kama runinga za siku hizi, huenda ni ya Casio Prizm, ambayo michezo yake hutumia eneo la pikseli 384 kwa 216, na faili lake halitafunguka kabisa kwenye kikokotoo cha Texas Instruments.

Hapa kuna mtego mmoja unaostahili kuelezwa kwa urefu. C Silver Edition na CE zina skrini yenye pikseli sawa, na mafaili ya programu zake yana kiambishi kile kile cha .8xp, kwa hiyo picha za michezo yao zinafanana mno. Lakini ya kwanza ina prosesa ya Z80 yenye kasi ya megahezi 15, ile ile ya TI-84 Plus ya mwaka 2004, ilhali ya pili ina eZ80 ya megahezi 48, na mchezo uliotungwa kwa asembli, yaani lugha inayoiamuru prosesa moja kwa moja, kwa ajili ya moja hauendeshwi na nyingine. Kwa kuwa C Silver Edition ililazimika kujaza pikseli nyingi kwa prosesa dhaifu, watungaji wake walitumia sana mtindo wa nusu, ambao skrini huwa pikseli 160 kwa 240 na kila nukta huonekana pana kuliko kimo chake. Ukiikuza picha ya rangi na kuona kila nukta ina umbo la tofali lililolala badala ya mraba, shuku kwamba mchezo huo ni wa C Silver Edition, na usome maelezo ya faili kwa makini kabla ya kuupeleka kwenye CE.

Kinachovuta jicho, na kwa nini

Picha inayoongoza kwa kuvuta watu ni ile inayofanana na mchezo ambao tayari wanaujua. Mtu akiona matofali yanayoshuka na kupangwa safu kwa safu, au kinyoka kinachorefuka, au chombo cha angani kikiwarushia risasi maadui waliojipanga juu ya skrini, haulizi mchezo unachezwaje, na kwa sababu hiyo hupakua upesi. Phoenix, mchezo wa kufyatua risasi angani uliotungwa na Patrick Davidson kwa matoleo mengi ya vikokotoo vya TI, ni mfano mzuri wa picha inayojieleza: chombo chako kiko chini, maadui wako juu, risasi ziko katikati, na nusu ya maelekezo imekwisha kutolewa bila neno lolote. Mvuto wa namna hii ni halali, lakini unawaficha watungaji wenye wazo jipya, kwa sababu picha ya mchezo usio na mfano humtaka mtazamaji afikiri kwanza.

Cha pili kinachovuta ni ukurasa wa kichwa. Mtungaji huweza kuchora jina la mchezo kwa herufi kubwa zenye vivuli na mandhari nzuri nyuma yake, kisha akaifanya hiyo kuwa picha ya kwanza. Kwenye skrini ya 96 kwa 64, mchoro unaojaza skrini nzima huchukua baiti 768 tu kabla ya kubanwa, kwa hiyo hata mchezo wenye msimbo dhaifu kabisa unaweza kumudu ukurasa wa kichwa wa kupendeza. Mchoro huo unaonyesha kwamba mtungaji, au rafiki yake, anajua kuchora. Hauonyeshi kwamba mchezo unachezeka. Picha ya ukurasa wa kichwa ikiwa peke yake, ihesabu kama haipo.

Cha tatu ni rangi za kijivu. Skrini za zamani zinajua nyeusi na nyeupe tu, lakini watungaji wa asembli waligundua kwamba pikseli ikiwashwa na kuzimwa kwa haraka sana, jicho huiona kama kijivu, na kwa njia hiyo walipata rangi nne katika kifaa chenye rangi mbili. Kwenye picha ya skrini rangi hizo hutokea safi na zilizotulia, kwa kuwa emuleta huchanganya hatua hizo za kuwasha na kuzima na kutoa kijivu kamili. Kwenye kikokotoo chenyewe kijivu hicho hutetemeka, na wakati mwingine mistari hafifu hupita juu ya skrini. Mchezo wa kijivu unaweza kuwa mzuri sana, na baadhi ya michezo bora ya TI-83 Plus imetungwa hivyo, ila usitarajie utulivu ulioonyeshwa kwenye picha.

Wanaoumia zaidi kwa utaratibu huu ni watungaji wa michezo ya maandishi. Mchezo wa biashara, ambao unanunua bidhaa mji mmoja na kuiuza mji mwingine bei inapopanda, huonekana kwenye picha kama orodha ya majina na tarakimu, na mtu anayepitisha macho hudhani ni programu ya hesabu. Vivyo hivyo michezo ya safari na mafumbo inayosimuliwa kwa sentensi. Michezo hiyo mara nyingi ndiyo inayokaa kwenye kikokotoo kwa muda mrefu, kwa sababu ni midogo, haitafuni betri kwa kuchora bila kukoma, na unaweza kuiacha katikati na kuirudia. Methali inasema chema chajiuza, lakini katika orodha inayopangwa kwa idadi ya waliopakua, chema kisicho na sura huzama: wachache hukipakua kwa sababu picha haivutii, kinabaki chini ya orodha kwa sababu wachache wamekipakua, na anayekuja baadaye hafiki huko chini. Ninapendekeza kwa dhati kwamba kila unapopakua michezo mitatu kwa sababu ya picha zake, upakue na mmoja wa maandishi kwa sababu ya maelezo yake.

Kusoma alama ndogo ndani ya picha

Ukishajua picha ni ya kikokotoo chako, ikuze na uitazame polepole. Chukua mfano wa mchezo wa kusukuma na kupanga matofali, wa aina ya Block Dude uliomo kwenye programu ya Puzzle Pack. Kwenye picha unaona mtu mdogo, ukuta wa matofali, matofali machache yanayoweza kubebwa, na mlango upande wa mbali. Vitu hivyo vikiwa vimechorwa kwa miraba ya pikseli 8 kwa 8, kama ilivyo desturi ya michezo mingi ya skrini hii, basi skrini nzima inabeba miraba 12 kwa 8, ambayo ni 96 tu. Kutokana na hesabu hiyo unaweza kujua kama hatua nzima ya mchezo imeenea kwenye picha, au kama kuna sehemu nje ya skrini itakayofuatwa mchezaji anapotembea. Ukiona ukuta umekatwa ukingoni bila kufungwa, ujue skrini inasogea, na mchezo una nafasi kubwa kuliko unavyoiona.

Alama zinazofuata zinahusu lugha iliyotumika, na lugha ndiyo inayoamua kasi. Kwenye TI-83 Plus na TI-84 Plus, skrini kuu ya maandishi ina safu 8 zenye herufi 16 kila moja. Ukiona mchezaji amewakilishwa na herufi kama X au O, na kuta zimejengwa kwa alama za hesabu, zote zikiwa zimekaa sawasawa ndani ya gridi hiyo, mchezo umeandikwa kwa TI-BASIC, lugha ya programu iliyomo ndani ya kikokotoo chenyewe. Angalia pia kona ya juu kulia: wakati programu ya TI-BASIC inaendeshwa, kikokotoo huonyesha pale kijistari cha wima kinachopita, na katika picha iliyogandishwa kinaonekana kama pikseli chache zilizopangwa wima pembezoni kabisa. Michezo ya asembli kwa kawaida huizima alama hiyo. Kuiona si kasoro, ila ni ushahidi kwamba mchezo utakwenda kwa kasi ya TI-BASIC, ambayo ni ndogo, na kwamba mchezo wa kukimbia au kufyatua risasi ulioandikwa hivyo huenda ukachosha. Mistari miwili ya grafu ikikatiza katikati ya mchoro, yaani mhimili wa x na wa y, mtungaji amesahau kuizima, na mtu aliyesahau jambo jepesi kama hilo labda amesahau na mengine.

Kuna hali ya katikati inayowapotosha wengi. Picha inaweza kuonyesha michoro laini na mandhari inayosogea, na maelezo yakasema mchezo ni wa TI-BASIC. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, kwa sababu zipo maktaba za programu, kama xLIB na Celtic III kwa vikokotoo vya zamani, zinazoipa TI-BASIC uwezo wa kuchora kwa haraka. Maana yake kwako ni kwamba faili la mchezo peke yake halitoshi. Utahitaji kuweka maktaba hiyo kwanza, na bila hiyo utapata ujumbe wa kosa pale ulipotarajia picha uliyoipenda. Kwenye CE hali ni kama hiyo kwa michezo iliyoandikwa kwa lugha ya C, ambayo mingi hutegemea maktaba maalumu za C zinazopakuliwa kando. Picha haitakueleza hilo. Faili la maelezo lililofungwa pamoja na mchezo litakueleza, na ni vizuri kulifungua kabla ya kuunganisha waya.

Usiache kuangalia alama za mchezaji. Ikiwa picha zote zinaonyesha alama sifuri, roho tatu na hatua ya kwanza, mpigaji hakuendelea mbali, na sababu inaweza kuwa kwamba hakuna mbali pa kwenda. Michezo mingi iliyowekwa kwenye hifadhi za mtandaoni ni ya majaribio, ikiwa na hatua moja tu iliyokamilika. Picha mbili au tatu za hatua tofauti, zenye maadui tofauti na mandhari yaliyobadilika, ni ushahidi mzuri kuliko picha moja iliyopambwa sana.

Picha jongefu na suala la kasi

Picha jongefu ya GIF huvuta kuliko picha iliyoganda, na inafaa zaidi pia, kwa sababu inaonyesha jinsi vitu vinavyosogea. Lakini kasi unayoiona ndani yake si lazima iwe kasi ya mchezo. Muundo wa GIF hupima muda wa kila fremu, yaani kila picha moja katika mfululizo, kwa sehemu za mia moja za sekunde, na vivinjari vingi vikikuta fremu yenye muda mfupi mno huirefusha hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa sababu hiyo mchezo mwepesi unaweza kuonekana mzito kwenye picha. Kinyume chake pia hutokea: emuleta inaweza kuendeshwa kwa kasi kuliko kikokotoo chenyewe, na mchezo mzito ukarekodiwa ukiwa mwepesi.

Njia ya kupima ni kutafuta ndani ya picha kitu ambacho kasi yake unaijua. Saa ya kuhesabu sekunde, kama ipo kwenye mchezo, ndiyo kipimo bora kabisa: ihesabu ukitazama saa yako, na utajua kama picha inakwenda kasi au polepole. Kama haipo, tazama jinsi skrini inavyofutwa na kuchorwa upya. Ukiona vitu vinachorwa kimoja baada ya kingine, kwanza ukuta, halafu mlango, halafu mchezaji, basi mchezo ni mzito, hata kama picha imeharakishwa kiasi gani, kwa kuwa mpangilio huo hauondoki kwa kuongeza kasi.

Yale ambayo picha haiwezi kuyasema

Ukubwa ni la kwanza. TI-83 Plus ina takriban kilobaiti 24 za kumbukumbu ya kazi kwa mtumiaji na kilobaiti 160 za hifadhi. TI-84 Plus ina kumbukumbu ya kazi kama hiyo na hifadhi ya kilobaiti 480. CE ina kilobaiti 154 na megabaiti 3. Mchezo wenye picha nyingi nzuri hula nafasi. Kwenye CE, mchoro mmoja unaojaza skrini kwa baiti moja kila pikseli ni baiti 76,800 kabla ya kubanwa, ambazo ni kama nusu ya kumbukumbu yote ya kazi. Soma ukubwa wa faili ulioandikwa kando ya picha na uulinganishe na nafasi iliyobaki kwenye kikokotoo chako, ambayo utaiona ukifungua orodha ya kumbukumbu kwa kubonyeza kitufe cha 2nd kisha MEM.

La pili ni usalama wa kazi zako. Mchezo wa asembli wenye hitilafu unaweza kukiangusha kikokotoo na kufuta kila kilichomo kwenye kumbukumbu ya kazi, pamoja na programu ulizoandika kwa ajili ya masomo. Kabla ya kuufungua mchezo wowote mpya, hata uwe na picha ya kupendeza namna gani, hamishia programu zako kwenye hifadhi kwa amri ya Archive, kwa maana zilizomo humo hubaki kumbukumbu ya kazi inapofutwa.

La tatu linahusu kifaa chenyewe. Baadhi ya TI-84 Plus zilizotengenezwa baadaye zina kidhibiti cha skrini kinachopokea data polepole kuliko vile vya mwanzo, na michezo ya zamani isiyosubiri vya kutosha huonyesha juu yake picha zilizovurugika, zenye mistari iliyohama mahali pake. Picha iliyopigwa kwenye emuleta haitakuwa na dosari hiyo kamwe, kwa hiyo ukiona tofauti kubwa kati ya picha na kikokotoo chako, usimlaumu mtungaji kabla ya kutafuta programu ndogo ya ALCDFIX, inayorekebisha muda wa kusubiri.

La nne ni mfumo endeshi, na hili limewakwaza wengi wenye CE. Mwaka 2020 Texas Instruments iliondoa uwezo wa kuendesha programu za asembli na C kwenye vikokotoo hivyo, kuanzia matoleo ya 5.5 ya mfumo wake. Maelfu ya picha zilizopigwa kabla ya hapo bado zinaonekana kama kawaida, nazo zinaonyesha michezo ambayo kikokotoo kipya hakitaifungua bila programu ya ziada, kama vile arTIfiCE, ya kurudisha uwezo huo. Angalia namba ya toleo la mfumo wako kwenye ukurasa wa About kabla ya kupenda picha yoyote. Mwanafunzi anayekitumia kikokotoo katika mitihani azisome kwanza kanuni za shule yake kuhusu programu za namna hiyo.

Vitufe navyo havionekani. Mchezo wa mbio unaotaka vitufe viwili vibonyezwe pamoja, kimoja cha mshale na kingine upande wa pili, unaweza kuwa mzuri kwenye picha na mgumu mno kwenye vidole. Faili la maelezo likikaa kimya kuhusu vitufe, kuwa mwangalifu.

Kwa wanaotunga na kupiga picha wenyewe

Wanaopakua michezo mingi huja kutunga wa kwao, na wakifika hapo hujikuta upande wa pili wa jambo hili. Ushauri wangu kwao ni kwamba picha iteuliwe kwa uangalifu ule ule uliotumika kwenye msimbo, kwa kuwa mchezo mwema usio na picha nzuri ni mchezo usiochezwa.

Piga picha kwa emuleta badala ya kamera ya simu. Picha ya kamera huleta mng'ao wa kioo, kivuli cha mkono na pembe iliyopinda, na skrini ya pikseli 6,144 haina ziada ya kupoteza. Wabbitemu na TilEm hufaa kwa vikokotoo vya Z80 na zinaweza kurekodi GIF. CEmu hufaa kwa CE na hurekodi picha jongefu za aina ya PNG. Ukikuza picha, ikuze kwa namba nzima, mara mbili au mara tatu, ili kila pikseli ibaki mraba. Ukiikuza mara moja na nusu, baadhi ya nukta zitakuwa nene kuliko nyingine na herufi ndogo hazitasomeka. Usihifadhi kwa JPEG, kwa sababu mbano wake hutia ukungu kuzunguka kila mstari mweusi, na mchoro wako wa pikseli 8 kwa 8 utapoteza macho na vidole.

Chagua wakati ambao kanuni ya mchezo inaonekana. Kwenye mchezo wa kufyatua risasi, piga risasi ikiwa hewani na adui akiwa karibu kuanguka, badala ya kabla ya pambano kuanza. Kwenye fumbo la matofali, piga pale mchezaji ameinua tofali na shimo la kulitia linaonekana mbele yake. Kwenye mchezo wa maandishi, usipige menyu ya mwanzo yenye maneno ya kuanza na kutoka. Piga ukurasa wenye uamuzi mgumu, ambao mtazamaji akisoma bei na akiba iliyobaki anaanza kujiuliza yeye angefanyaje. Hiyo ndiyo njia pekee ninayoijua ya kuufanya mchezo wa maandishi uvutie jicho, na inafanya kazi kwa sababu haimdanganyi mtu.

Ukiwa na ukurasa wa kichwa mzuri, uweke wa pili. Picha jongefu iwe ya sekunde chache na ianze kwenye mchezo wenyewe, pasipo kumsubirisha mtu wakati jina linashuka taratibu kutoka juu. Irekodi kwa kasi ya kweli ya kikokotoo. Kama mchezo ni mzito, sema hivyo katika maelezo, kwa sababu mchezaji aliyeonywa huvumilia, ilhali aliyeahidiwa mbio akapewa mwendo wa kobe hufuta faili siku ile ile. Kama unatumia rangi za kijivu, taja kwamba zitatetemeka kwenye skrini halisi. Kama unahitaji maktaba, iandike kwenye mstari wa kwanza kabisa wa maelezo, karibu na picha, mahali ambapo jicho lililovutwa litaiona kabla ya kidole kubofya. Na kila unapotoa toleo jipya lenye michoro au hatua zilizobadilika, piga picha upya na uondoe zile za zamani, hata kama zilipendwa, kwa kuwa anayepakua leo atapata mchezo wa leo.